Ombi Lisilo na Jina

Ukipita Litein Jumamosi ya mwezi wa sita, ukaona kina mama wanarudi nyumbani na kuku wale wale waliotoka nao asubuhi, usifikiri soko limekufa. Hao wametoka kanisani, mezani kwa Mama Onchiri, na Mama Onchiri amewarudishia kuku wao.

Jina lake hasa ni Loice Nyatichi, lakini jina hilo lilibaki kwenye kitambulisho. Mjini wote walimwita Mama Onchiri, kwa jina la kijana wake aliyeoa akahamia Nakuru. Alikuja Litein akiwa bibi arusi, kutoka upande wa Nyamira, wakati mumewe Atuti alikuwa fundi wa cherehani kwenye veranda ya duka la mtu. Wakajibana wakanunua kiploti nyuma ya soko, wakapanda migomba na sukuma, wakakaa. Watu walisema hao Wakisii watarudi kwao siku moja. Hawakurudi. Atuti alizikwa hapo hapo, na Loice akafanya kazi ya ukarani katika ofisi ya sekondari ya kutwa mpaka akastaafu. Kikipsigis alikijua mpaka cha kugombana nacho, ijapokuwa wenye lugha yao walikuwa wanamcheka kwa jinsi anavyokivuta.

Alipostaafu hakujua afanye nini na mikono yake. Ndipo kanisa likaja na ile kazi ya ritani.

Kazi yenyewe ilihitajika, hilo hakuna ubishi. Mtu yeyote mwenye PIN ya KRA, namba ya mlipa ushuru, lazima ajaze ritani ya ushuru kabla mwezi wa sita haujaisha, awe na kazi au hana. Wengi walikuwa wanaenda saiba, kwenye kompyuta za kukodi, na kijana wa saiba ana haraka zake, anambonyezea kila mtu sifuri, hata aliyeajiriwa. Mtu anatoka hapo anafurahi, halafu baadaye anakuta faini inamngoja. Basi kanisa likatafuta watu wachache wanaojua kompyuta, wasaidie wengine bure kila Jumamosi kwenye ukumbi, kila mmoja na meza yake. Aliyewafundisha ni Noah, mhasibu anayefanya kazi Kericho na kuabudu Litein, mtu wa sauti ndogo ambaye hapendi kurudia neno.

Noah aliwaambia mengi. Usiandike kitu unachojua ni uongo, hata mwenyewe akikulilia. Usijifanye unajua kama hujui, niite mimi. Usipokee kitu kwa mtu, hata soda. Na neno lililosemwa mezani lisitoke hapo mezani, msilitoe kwa ubaya, na msilitoe hata kwa wema. Hilo la wema alilirudia, yeye asiyependa kurudia. Lakini Loice wakati huo alikuwa bado anaitikia kwa kichwa lile la soda, kwa sababu lilimkaa vizuri. Kila mtu husikia vizuri amri ambayo haimpi taabu.

Na kweli, soda hakunywa. Akina mama walikuja na kuku, na parachichi, na mayai yamefungwa kwa gazeti. Kogo mmoja, ndivyo Wakipsigis wanavyomwita bibi, alitembea kutoka mbali na kibuyu cha mursik, maziwa mazuri yaliyolala, na Loice akainua viganja vyote viwili mbele ya watu wote. "Kogo, rudi nayo nyumbani. Hapa hatupokei kitu." Kogo akaondoka amekumbatia kibuyu chake, haelewi amekosa nini. Mchungaji alimtaja Loice madhabahuni kuwa mfano wa mikono safi. Tuseme ukweli, sifa zilimpanda kichwani kidogo. Alianza kuketi wima kuliko wengine.

Sasa, Jumamosi moja ya mvua, akaja Kimutai.

Loice alimjua. Kimutai alikuwa mume wa Janefer, na Janefer alikuwa akiimba karibu na Loice kwaya, na kuomba naye kila Jumatano katika kikundi cha akina mama. Kimutai mwenyewe alikuwa haonekani sana. Alikuwa dereva wa trekta la kubeba majani katika shamba kubwa la chai ng'ambo ya Kericho, analala huko kwa nyumba za kampuni, anarudi kwake mwisho wa mwezi. Siku hiyo alikuwa amevaa jaketi lake la kazi, la kijani, limefuliwa mpaka limepauka.

"Chamgei, Mama Onchiri."

"Chamgei mising, Baba Chepchirchir. Karibu. Leo wamekuachilia mapema?"

Hakujibu hilo. Alisema kuna shule upande wa Merigi inatafuta dereva wa basi, na wanataka cheti kuonyesha mtu hana shida na ushuru, kwa hivyo alitaka ritani ijazwe vizuri. Akatoa P9, ile karatasi mwajiri anayompa mtu kuonyesha mshahara wa mwaka. Loice akaipitia kwa kidole kama alivyofundishwa.

"Hii inaishia mwezi wa nane," akasema. "Ile miezi ingine iko wapi?"

Kimutai aliangalia nyuma, kwenye benchi la wanaongoja. "Wewe weka tu mwaka mzima."

"Siwezi. Hiyo ni uongo, na uongo huo utakufuata wewe, si mimi."

"Basi weka sifuri, kama ya saiba."

"Hata sifuri ni uongo. Si ulifanya kazi mpaka mwezi wa nane?"

Hapo tumpe haki yake, Loice alikuwa sawa kabisa. Alipunguza sauti, akageuza kiti ili mgongo wake uwazibe watu wa benchi, akangoja. Kimutai alikuwa anazungusha kofia yake mikononi. Mwishowe akasema.

Mashine za kuchuma chai zilikuja shambani. Kwanza waliondoka wachumaji, na wenye kuendesha trekta wakasema hiyo si yetu. Halafu kampuni ikapeana kazi ya kubeba majani kwa malori ya kandarasi, na mwezi wa nane mwaka jana madereva wakaambiwa asante. Siku hiyo Kimutai hakuja nyumbani. Alienda Kedowa, upande wa Kipkelion, mahali hajulikani, akapanga chumba, akaanza kupakia kabichi na viazi kwenye malori yanayoenda Nairobi. Kila mwisho wa mwezi alivaa jaketi la kazi, akarudi Litein na kile alichopata, akamwambia Janefer siku hizi kampuni imekaza.

"Mama yao hajui," akasema. "Hata ndugu zangu hawajui. Mwanzoni nilisema nitamwambia nikipata kazi ingine. Kazi haikuja. Siku zikaenda. Sasa si kazi ndiyo ninaficha tena, ni hizo siku."

Loice alisukuma P9 kando, taratibu.

"Mwezi wa nane huu unaokuja tuko na koito ya msichana wetu Chepchirchir," Kimutai akaendelea. "Wakwe wanakuja kuongea mambo ya ndoa. Wacha hiyo ipite vizuri, msichana asiaibike. Nikimaliza hiyo nitamwambia mwenyewe. Maneno nimeshayapanga, kila siku nikiwa kwa lori nayapanga. Naomba tu nimwambie mimi."

"Ya mezani hubaki mezani," Loice akasema, na machozi yalikuwa karibu. Alikuwa analisema neno hilo kwa kila mtu, lakini kwa Kimutai alilisema kwa moyo. Akamjazia ritani yake vizuri, ya kweli, mshahara mpaka mwezi wa nane na vibarua vya kabichi baada yake. Kimutai akashukuru, kongoi, akavaa kofia, akatoka mvuani.

Mtu asifikiri Loice alikuwa na nia mbaya. Huruma ilimshika kweli. Alikoroga ugali jioni hiyo akimwona yule mwanamume na gunia la kabichi shingoni, akajipangusa macho kwa leso. Jumapili kwaya ilipokaa, Janefer alimnong'onezea juu ya koito, vile ameshona kitenge, vile atakodisha tenti kwa sababu mwezi wa nane mvua haiaminiki, na Loice akamshika mkono. Lakini ndani ya huruma hiyo kulikuwa na kitu kingine, na kitu hicho kilikuwa kitamu. Yeye Loice anajua, na mke hajui. Alikuwa akimtazama Janefer kwa upole wa mtu aliyekaa juu kidogo.

Hakuna mtu nitamwambia, alijiambia. Mungu peke yake. Na Mungu si mtu, kwa hivyo hapo hakuna amri iliyovunjwa. Kuwa Mungu anaweza kuambiwa nyumbani, mlango umefungwa, hilo halikumjia.

Jumatano kikundi kilikutana kwa Nyabate, rafiki yake Loice, mama muuza nguo za mitumba mwenye nyumba kubwa kidogo na moyo mkubwa zaidi. Desturi ya kikundi wote tunaijua. Mnaimba, mnasoma neno, kisha kila mtu anatoa mahitaji ya maombi. Ya magonjwa na ya karo hutajwa na wenyewe. Yale ya aibu huja bila jina. Kuna dada mmoja, sitamtaja. Kuna familia fulani, Mungu anaijua. Hiyo haihesabiwi kuwa umbea, kwa sababu imefungwa ndani ya maombi, na wengi wetu tumejua habari za jirani kwa kumwombea.

Janefer hakuwapo. Alikuwa ametuma neno kwamba yuko kituo cha majani, lori la kiwanda limechelewa, na hawezi kuacha chai ya kishamba chake ikaungua juu ya majukwaa. Loice alipoingia alitupa jicho kila kiti. Alipoona Janefer hayupo, ulimi ukalegea.

"Mama zangu," akasema zamu yake ilipofika, "kuna ndugu mmoja, jina sitataja. Nina mzigo naye."

Wakafumba macho, na Loice akaanza kuomba. Alikuwa anajua kuomba, huyo mama. Sauti yake ilikuwa inapanda polepole, na wengine wanaibeba kwa chini, ndiyo Bwana, ndiyo Bwana.

"Baba, unamwona mtumishi wako. Alikuwa anaendesha trekta yake ya majani, Baba, mashine zikachukua mkate wake. Leo anabeba kabichi kwa mgongo, huko upande wa Kipkelion, mahali watu hawamjui."

Ndiyo Bwana.

"Na mke wake hajui, Baba. Anafikiri mume yuko kazini. Anashona nguo, anafurahi, wakwe wako njiani, koito iko karibu, na hajui chini kumeoza."

Mlango ulilia. Mtu aliingia, akapiga magoti hapo hapo karibu na viatu, na harufu ya majani mabichi ya chai na mvua ikaingia naye. Hakuna aliyefumbua macho. Katika maombi yaliyopamba moto huwezi kufungua jicho kuangalia nani amechelewa, ni tabia mbaya. Loice alisikia mlango, lakini alikuwa amefika mahali pa juu na hakutaka kushuka.

"Mpe huyu baba nguvu amwambie mama watoto, Baba! Mvunje ile roho ya kuficha. Na huyo mama, mwandae moyo wake, asije akaanguka siku atakayosikia. Amina."

Amina zikazunguka chumba. Moja ilitoka mlangoni, na ilikuja nyuma ya nyingine zote.

Loice alifumbua macho, akamwona Janefer. Alikuwa bado amepiga magoti, kitambaa cha kichwa kimelowa, vidole vyeusi kwa utomvu wa chai. Hakuwa anamwangalia mtu. Aliinuka, akavuta kiti, akakaa. Nyabate, ambaye alikuwa hajaelewa kitu bado, akamimina chai na kumpa wa kwanza kwa sababu ndiye amenyeshewa.

Janefer aliinywa yote. Kisha akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Huyo ndugu wa trekta mmemwombea vizuri, Mama Onchiri, nimewasikia tangu nikivua gambuti barazani. Ni wa kanisa letu?"

Kila mwanamke pale alikuwa ameishi na Janefer miaka. Koito ya mwezi wa nane waliijua wote, waliiombea Jumatano iliyopita tu. Loice alivuta leso yake ikafunika magoti.

"Ni mtu tu," akasema.

"Sawa," Janefer akasema. Akapeleka kikombe chake nje kwa beseni, akakiosha, akakifunika na vingine, akavaa gambuti zake, akaenda.

Nyabate alimsindikiza Loice mpaka njia panda. Alikuwa anaogopa kimya, kwa hivyo akaongea. "Lakini jina hukutaja."

"Sikutaja."

"Basi hujavunja kitu. Hata mchungaji atasema hivyo."

Loice alilishika neno hilo kwa mikono miwili mpaka kwenye lango lake, na hapo likamponyoka. Alikuwa ametaja trekta, akataja mashine, akataja kabichi na wakwe na koito. Jina ndilo pekee ambalo halikuhitajika. Wahenga walituambia tusimwage mtama kwenye kuku wengi, na yeye alikuwa ameumwaga huku amefumba macho, anajiona mtakatifu. Aliketi kwenye kitanda cha marehemu Atuti na hakuwasha jiko. Aliona aibu mpaka ya picha ya Atuti ukutani, akainuka akaigeuza.

Alhamisi Janefer alipanda gari kwenda Kipkelion, akaulizia malori ya kabichi mpaka akafika Kedowa. Ijumaa Litein nzima ilikuwa inajua, na hata walioongeza chumvi hawakuwa na haja, habari yenyewe ilitosha.

Jumamosi Loice alifika ukumbini mapema kama kawaida. Watu walikuja, na wengine walikaa mezani kwake, maana foleni ilikuwa ndefu. Wa kwanza alikuwa mzee ambaye kila mtu anamjua kwa ng'ombe wake wa maziwa.

"Uko na mapato gani, baba?"

"Sina."

"Maziwa huuzi?"

"Sina kitu. Andika sina."

Akaja mama wa duka la mahindi, naye hana. Akaja mwalimu wa shule ya kibinafsi, Loice amemwona akisahihisha madaftari kwenye ngazi za kanisa, akasema yeye hafanyi kazi yoyote.

"Mwalimu," Loice akamwambia taratibu, "si unafundisha? Siwezi kuandika huna kazi na najua uko nayo."

Mwalimu alimwangalia machoni, bila hasira. "Ndiyo maana," akasema. "Unajua." Akachukua mkoba wake na kwenda saiba.

Na kuku hawakuja. Hakuna aliyeleta hata parachichi la kurudishiwa. Mpaka saa sita Loice alikuwa hajakataa kitu cha mtu na hajamsaidia mtu, na ile kofia ya sifa aliyovishwa madhabahuni ilikuwa inamwasha. Noah alipita na kusema leo meza yake inaenda mbio. Loice akainuka, akamwita nje nyuma ya tangi la maji.

"Ni mimi nilitoa ile habari," akasema. "Ilisemwa mezani kwangu, nikaitoa kwa maombi."

Noah alikaza bomba la tangi lililokuwa linadondoka. "Hakuna mtu ameleta malalamiko."

"Wataleta vipi? Akilalamika amekubali ni yeye."

"Nilisema hata kwa wema."

"Nilisikia. Nilifikiri hiyo ni ya watu wabaya."

Noah hakumpa pole na hakumgombeza. Alimwambia hatakaa tena mezani, mwaka huu na mwaka ujao, kwa sababu watu lazima wajue meza iko salama. Loice akauliza kama anaweza kusimama mbele ya kanisa akaeleze. Noah akakataa. "Ukianza kueleza utamtaja tena. Siri si yako. Enda kwanza kwa mwenyewe."

Akaenda Jumapili alasiri. Kwetu huendi kwa mtu mikono mitupu, kwa hivyo alibeba sukari na mkate. Alipofika, Kimutai alikuwa anapasua kuni kando ya jiko, bila lile jaketi, na Janefer anaanika nguo. Loice akasimama uani na mfuko wake.

"Hiyo sukari," Janefer akasema, "utarudi nayo."

Hakuisema kwa ukali. Loice aliushusha mfuko, ukawa mzito kuliko alipotoka nao dukani, na akamkumbuka yule kogo akirudi na kibuyu chake kifuani.

"Nimekuja kuomba msamaha," akasema. "Nilikuahidi, Baba Chepchirchir. Sikutimiza."

Kimutai aliendelea na kuni. "Nilikuwa na maneno yangu," akasema mwishowe, akiongea na gogo. "Nilikuwa nimeyapanga. Nilikuwa nianze na siku ile nilitoka kazini, nimwambie nilisimama stegi nikashindwa kupanda gari ya kuja nyumbani. Hayo maneno sasa hayana kazi."

"Nilimkuta na gunia mgongoni," Janefer akasema. "Aliponiona hakuliweka chini. Alienda nalo mpaka kwa lori, akalipakia, ndipo akarudi kwangu. Hakuwa na neno hata moja. Mwanamume huyu nimeishi naye miaka yote hiyo, na siku hiyo alisimama mbele yangu kama mtu ameshikwa na kitu cha wizi." Alikuwa ameshika shati la Kimutai lililolowa, analikunja bila kuangalia. "Mimi sina shida na kabichi, Mama Onchiri. Angeniambia yeye ningelia, halafu ningempikia. Lakini niliambiwa na maombi yako, nimefumba macho, wanawake wote wanasema ndiyo Bwana. Na mimi nikasema amina. Umenifanya niseme amina."

Loice aliuhamisha mfuko wake mkono wa pili. Akauliza tu, "Na wakwe?"

"Walituma mtu jana," Kimutai akasema. "Wanasema mwezi wa nane wana shughuli. Watatuambia lini. Msichana amelala ndani tangu jana."

Mlango wa nyumba ulikuwa umerudishwa. Loice aliuangalia, akashusha macho. "Nifanye nini? Niambieni, nitafanya."

"Maji yakimwagika hayazoleki," Kimutai akasema, akachukua gogo lingine.

Lakini Janefer alikuwa anafikiri. Alilitundika lile shati, akalitia kibanio. "Jumatano ni zamu ya nyumba yangu," akasema. "Uje. Wanawake watakuja wote, wanataka kuona sura yangu. Uombe tena, na safari hii utaje jina."

Loice alishtuka. "Jina la Baba Chepchirchir?"

"Lake walishalijua," Janefer akasema. "Lako."

Loice alirudi na sukari yake, na njiani alipita watu watatu waliomsalimia vizuri sana.

Jumatano alifika wa mwisho. Chumba kilikuwa kimejaa, hata waliokuwa hawaji kikundini siku hizi walikuja. Hakuna aliyemnyima kiti. Nyabate alimsogelea akampapasa mkono mara moja, akauacha. Waliimba, wakasoma, mahitaji yakazunguka, ya goti la mmoja, ya karo ya mwingine, kila mtu haraka haraka, kama wenye safari. Kisha zamu ikafika kwake, na vichwa vikainama.

Loice alifumba macho. Yeye naye alikuwa amepanga maneno tangu Jumapili, na kwa mara ya kwanza akajua kupanga huko kunachukua nini kwa mtu. Mvua ilianza kwenye mabati. Akafungua kinywa, na kinywa kikaenda kilipozoea.

"Baba," akasema, "kuna mama mmoja, unamjua..."

Hakuna aliyesema ndiyo Bwana.

Kutoka upande wa jiko, Janefer, ambaye alikuwa hajafumbua macho, akasema polepole, "Jina."

Loice akafumbua macho peke yake kati ya wote, akaona vile vichwa vimeinama vikingoja, akalitaja jina lake lote, kama lilivyo kwenye kitambulisho, kisha akaanza kusema alichofanya.